Pete ya Benzini na Udongo wa Usambara

Barabara itokayo Mombo hupanda kwa kona nyingi, hupita Soni na kufika Lushoto. Juu ya mji huo kuna msitu wa Magamba. Mtu akichimba kwa jembe ndani ya msitu, chini ya majani makavu, aghalabu huona udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu ya mimea iliyooza. Akichimba katika shamba la viazi au kabichi lililo jirani, mara nyingi hukuta udongo mwekundu au wa kahawia, mzito, unaoshikamana na jembe. Mwamba uliozaa udongo huo ni wa namna moja, na mvua inayounyeshea ni ileile. Kilichopungua katika udongo wa pili ni kaboni iliyotokana na mimea, na sehemu moja ya kaboni hiyo imejipanga katika pete za atomu sita sita.

Je, imepungua kwa kiasi gani? Mkulima na bwana shamba wanahitaji jibu la swali hili, kwa sababu kaboni ya udongo ndiyo inayosaidia kushika maji, kutunza naitrojeni na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua kwenye miteremko mikali. Njia ya zamani ya kupima ni kuchukua sampuli moja moja, kuipikia katika asidi pamoja na dikromati, au kuichoma katika tanuri maalumu, na kukadiria kaboni iliyokuwamo. Njia hiyo ni ya kuaminika, lakini kwa milima yenye maelfu ya mashamba ni ya gharama na ya polepole mno. Iko njia nyingine: kuimulika sampuli kwa nuru isiyoonekana na kusoma jinsi molekuli zake zinavyotetemeka. Anayetaka kuielewa njia hiyo yafaa aanze na molekuli ambayo imechunguzwa kuliko nyingi, yaani benzini.

Pete yenye mitetemo thelathini

Benzini iligunduliwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1825. Miaka 40 baadaye, mwaka 1865, August Kekulé alipendekeza kwamba atomu zake sita za kaboni zimeshikana katika pete, na kila moja imebeba atomu moja ya hidrojeni. Leo inajulikana kwamba pete hiyo ni bapa, na kwamba bondi zake sita za kaboni kwa kaboni zina urefu uleule, nanomita 0.139. Michoro ya vitabuni inayoonyesha bondi moja na bondi mbili zikipokezana ni ya kurahisisha maandishi tu. Elektroni hizo ni mali ya pete nzima.

Michoro hiyo ina kasoro nyingine, nayo ni kwamba inazionyesha atomu zikiwa zimetulia. Atomu hazitulii kamwe. Tuseme molekuli ni mipira iliyounganishwa kwa springi. Kila mpira unaweza kwenda katika pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Benzini ina atomu 12, kwa hiyo kuna namna 36 za mwendo. Tatu kati ya hizo ni mwendo wa molekuli nzima ikihama, na tatu ni molekuli nzima ikizunguka. Zinabaki 30, na hizo ndizo namna ambazo molekuli inaweza kutetemeka. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuifanya mwenyewe, na yafaa aifanye pia kwa maji na kwa kaboni dioksidi. Huko atagundua kwamba molekuli iliyonyooka kama fimbo inahitaji kanuni iliyobadilika kidogo.

Kwa kuwa pete ya benzini ina ulinganifu mkubwa, mitetemo mingine hutokea jozi jozi yenye marudio sawa. Kwa hiyo namna 30 zina marudio 20 tu yaliyo tofauti.

Marudio ya mtetemo hutegemea mambo mawili: ugumu wa springi na masi ya mipira. Springi ngumu hutetemeka upesi, mpira mzito hutetemeka polepole. Ndiyo maana hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko atomu zote, hutetemeka upesi sana dhidi ya kaboni: takribani mara trilioni 90 kwa sekunde. Tarakimu kubwa namna hii ni usumbufu, hivyo wanakemia hutumia namba ya wimbi, yaani idadi ya mawimbi ya nuru yanayoenea katika sentimita moja. Kwa kipimo hicho mtetemo wa kaboni na hidrojeni katika benzini ni karibu 3060 kwa sentimita.

Kanuni hii inaweza kujaribiwa. Badala ya hidrojeni ya kawaida huwekwa deuteri, yaani hidrojeni yenye masi maradufu. Springi haikubadilika, kilichobadilika ni uzito wa mpira. Akitumia kipeuo cha pili cha uwiano wa masi, mwanafunzi atapata kwamba 3060 inapaswa kushuka hadi karibu 2250. Maabara hupata karibu 2290. Tofauti hiyo ndogo ina maana yake: bondi si springi kamili, na mtetemo wa deuteri huchanganyika kidogo na mwendo wa pete. Katika miaka ya 1930 Christopher Ingold na wenzake jijini London walitumia benzini yenye deuteri kwa ustadi mkubwa, wakathibitisha kutokana na mitetemo peke yake kwamba pete ina pembe sita zilizo sawa.

Jinsi nuru inavyoihoji molekuli

Nuru ya infraredi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje ya ukingo mwekundu wa nuru ya jua iliyotawanywa na prizimu, akaona joto likipanda mahali ambapo jicho halikuona kitu. Marudio ya nuru hiyo yanalingana na marudio ya mitetemo ya molekuli. Mawimbi yakifika kwa marudio yaleyale ya mtetemo fulani, molekuli huyafyonza, mfano wa bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Katika karatasi ya kipimo hujitokeza bonde mahali hapo. Mchoro mzima wa mabonde hayo huitwa spektra.

Lakini sharti la marudio peke yake halitoshi. Nuru ni wimbi la umeme na sumaku; ili iushike mtetemo, hapana budi mtetemo uvuruge mizani ya chaji za umeme katika molekuli. Hapa ulinganifu wa benzini unaleta jambo la ajabu. Pete inapopanuka na kusinyaa yote kwa pamoja, mithili ya kifua kinachopumua, chaji zinabaki katika mizani yake, na infraredi hupita bila kufyonzwa. Kati ya marudio 20 ya benzini, yanayoonekana kwa infraredi ni manne tu: karibu na 3060, 1480, 1040 na 675. Lililo kali kuliko yote ni hilo la mwisho, ambapo atomu zote sita za hidrojeni hupinda kwa pamoja juu na chini ya bapa la pete.

Njia ya pili ya kuhoji iligunduliwa nchini India mwaka 1928 na C. V. Raman pamoja na K. S. Krishnan. Humo nuru ya rangi moja humulikwa juu ya kimiminiko, na sehemu ndogo sana ya nuru inayotawanyika hurudi ikiwa imebadilika rangi, kwa kuwa imeiachia molekuli nishati ya mtetemo. Kwa mfano, benzini ikimulikwa kwa leza ya kijani ya nanomita 532, mtetemo wa kupumua, ambao ni 992 kwa sentimita, huirudisha nuru hiyo ikiwa karibu nanomita 562, yaani imesogea kuelekea rangi ya manjano. Njia ya Raman huonyesha marudio saba ya benzini, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwa infraredi. Hii ni kanuni ya molekuli zote zenye kitovu cha ulinganifu. Marudio tisa yaliyobaki hayaonekani kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

Mwanafunzi huenda akadhani vyombo vya infraredi hutengenezwa kwa kioo. La, kioo huzuia sehemu kubwa ya nuru hiyo. Madirisha ya vyombo hivyo kwa miaka mingi yamechongwa kwa fuwele za chumvi, nyingine ikiwa ni sodiamu kloridi, yaani chumvi ileile ya jikoni. Chumvi hiyo hupitisha infraredi hadi karibu na 650, ambapo inatosha kuliona bonde la benzini la 675. Hasara yake ni dhahiri: tone moja la maji huharibu dirisha la thamani kubwa.

Bonde hilohilo la 675 limeonekana pia mbali sana na maabara yoyote. Mwaka 2001 wanaastronomia walitangaza kwamba wameitambua benzini katika gesi inayoizunguka nyota inayozeeka, ijulikanayo kwa jina la CRL 618, kwa mstari wenye urefu wa wimbi wa mikromita 14.85. Ukigawanya 10,000 kwa 14.85 utapata 673.

Uchunguzi huu ungekuwa mchezo wa wataalamu tu kama ungeishia kwenye benzini. Faida yake huonekana pete inapobebeshwa kitu kingine. Zaileni ziko tatu, zote zina fomula C8H10, na zinatofautiana tu katika mahali ambapo vikundi viwili vya methaili vimeshika kwenye pete. Mbili kati yake huchemka kwa nyuzi 139 na 138 za Selsiasi, hivyo kuzitenganisha kwa kuchemsha ni kazi ngumu. Spektra huzitofautisha mara moja. Vikundi vikiwa jirani, bonde la hidrojeni kupinda hutokea karibu na 740; vikiwa vimeachana kwa kaboni moja, hutokea mabonde mawili, karibu na 770 na 690; vikiwa vinaelekeana, hutokea karibu na 795. Sababu ni kwamba hidrojeni zilizo jirani hupinda kwa kushirikiana, na idadi ya majirani huamua marudio.

Harufu si kipimo

Neno aromatiki lina asili ya harufu nzuri, kwa kuwa viowevu vya kwanza vya aina hii vilivyochunguzwa vilitokana na utomvu na mafuta yanukiayo. Ni jina linalopotosha, na milima ya Usambara inatoa ushahidi wa kutosha. Katika Usambara Mashariki hulimwa iliki, karafuu na mdalasini. Harufu ya iliki hutokana zaidi na sineoli na jamaa zake, ambazo hazina pete ya benzini hata moja. Kafuri nayo, inayokumbusha harufu ya mbao za mkulo, mti mkubwa wa misitu hii ambao jina lake la kisayansi ni Ocotea usambarensis, ina pete, lakini si pete ya namna ya benzini. Spektra yake hutawaliwa na bondi ya kaboni na oksijeni karibu na 1740. Karafuu na mdalasini ndizo zenye pete halisi. Eujenoli ya karafuu huonyesha bonde kali karibu na 1510 na jingine karibu na 1600, ambapo kaboni za pete hunyooka na kusinyaa. Mkemia akiona mabonde hayo mawili pamoja, na mengine madogo juu kidogo ya 3000, huanza kushuku kuwapo kwa pete, ijapokuwa chupa haina harufu yoyote.

Mpangilio wa pete ya eujenoli unapatikana pia mahali pengine ambapo wengi hawapatazamii: ndani ya mbao. Ubao una selulosi, ambayo haina pete za benzini, na una lignini, iliyojengwa kwa pete hizo kwa maelfu na kuupa mti ugumu wa kusimama. Lignini ya miti ya misindano, kama ile inayopandwa Shume, imejengwa hasa kwa pete zenye mpangilio uleule wa eujenoli. Miti ya majani mapana, kama mkulo, huchanganya na pete za aina ya pili zenye oksijeni zaidi. Hivyo mbao za aina hizi mbili hutofautishwa kwa spektra: ya kwanza huonyesha bonde kali karibu na 1510 na 1270, na ya pili huongeza la 1330 hivi.

Kelele za udongo

Majani, mizizi na matawi yakianguka, wadudu, kuvu na bakteria huyala. Pete huvunjwa, huunganishwa upya, hubebeshwa oksijeni. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba kaboni hudumu udongoni kwa sababu pete za lignini ni ngumu kuliwa. Mafundisho hayo yafaa yarekebishwe madarasani. Utafiti wa miaka ya karibuni, uliofupishwa katika makala mashuhuri ya Michael Schmidt na wenzake mwaka 2011, unaonyesha kwamba lignini yaweza kuoza upesi kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba kaboni hudumu zaidi kwa kung'ang'aniwa na chembe za mfinyanzi na kwa kufichwa mahali ambapo viumbe hawafiki. Udongo ukitifuliwa na kuachwa wazi, maficho hayo hufunguliwa.

Kuisikia pete ndani ya udongo si kazi nyepesi. Mfinyanzi wa aina ya kaolini, ulio mwingi katika udongo mwekundu wa nchi za joto zenye mvua, hujitangaza kwa mabonde makali ya 3695 na 3620. Kwatzi hujaza eneo la 1790 hadi 2000, ambako pete zina alama zake ndogo ndogo. Karibu na 1630 maji yaliyonaswa hufunika jirani yake wa 1600. Njia ya Raman nayo hushindwa mara nyingi, maana mboji humeremeta inapopigwa na leza na kuizamisha nuru dhaifu inayotafutwa. Kinachoonekana kwa urahisi ni mabonde ya 2920 na 2850 ya minyororo ya mafuta na nta.

Ufumbuzi uliopatikana ni wa kihesabu zaidi kuliko wa kikemia. Badala ya kutafuta bonde moja, huchukuliwa spektra nzima, kutoka 4000 hadi 600 hivi. Sampuli chache hupimwa kaboni kwa njia ya kawaida, kisha kompyuta hutafuta uhusiano kati ya umbo lote la spektra na kaboni iliyopimwa. Uhusiano ukishapatikana, sampuli nyingine huhitaji kukaushwa, kusagwa na kumulikwa kwa muda mfupi tu. Kituo cha kimataifa cha kilimo mseto kilichoko Nairobi kimekuwa miongoni mwa viongozi wa njia hii. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh walionyesha, kwa nuru inayoonekana na infraredi ya karibu, kwamba maktaba ya spektra za udongo wa Afrika mashariki na kusini yaweza kutumika namna hiyo.

Lushoto ilikuwa moja ya sehemu zilizopimwa. Leigh Winowiecki na wenzake, wakiwamo watafiti wa Tanzania, walichora eneo la kilomita 10 kwa 10 karibu na Lushoto, wakachukua sampuli katika viwanja 160 na kuzipima kwa infraredi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Katika viwanja 105 vilivyolimwa, kilo moja ya udongo wa juu ilikuwa na wastani wa gramu 31 hivi za kaboni. Katika viwanja 55 ambavyo uoto wake wa asili ulibaki kwa kiasi fulani, wastani ulikuwa gramu 71.

Tarakimu hizo zisomwe kwa makini. Zinalinganisha mahali na mahali. Hazionyeshi shamba moja likipoteza kaboni mwaka baada ya mwaka, na huenda watu walichagua kulima sehemu zilizokuwa tofauti tangu mwanzo. Hata hivyo tofauti inayozidi nusu haiwezi kupuuzwa, na gramu 31 si haba. Udongo mwingi wa Tanzania haufikii kiasi hicho. Maana yake ni kwamba mashamba ya Lushoto bado yana kitu cha kulinda.

Faida ya vipimo vingi na vya bei nafuu huonekana zaidi mtu akikumbuka historia ya wilaya hii. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo. Matuta yaliamriwa kwa wote, kazi ikawaelemea hasa wanawake, upinzani ukawa mkali, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Ila mkulima hakuonyeshwa kipimo chochote cha shamba lake mwenyewe, akapewa amri tu. Ramani ya kaboni inayotofautisha kilima na kilima ingekuwa msingi bora wa mazungumzo.

Kwa shule

Shule nyingi hazina kipimaspektra, na benzini yenyewe isitumiwe darasani, kwa kuwa husababisha saratani ya damu. Hata hivyo jaribio moja linawezekana. Wanafunzi wachukue udongo wa sentimita 20 za juu katika shamba na chini ya miti ya shule, wala wasichukue msituni bila idhini ya wahifadhi. Waukaushe kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, waupime, wauchome katika kibakuli cha kauri kwa saa kadhaa, kisha waupime tena. Uzito uliopungua hukadiria mboji iliyoungua. Joto lisizidi sana nyuzi 400, na katika jiko la mkaa hilo ni gumu kulidhibiti: likikaribia nyuzi 500, kaolini nayo huanza kutoa maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na udongo mwekundu usio na mboji kabisa utaonekana kana kwamba ulikuwa nayo. Maji hayo hutokana na bondi zilezile za oksijeni na hidrojeni zinazochora bonde la 3695.